Mlango uleule, picha nyingine: Familia na kamera Mji Mkongwe

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hutumia takribani saa 2 kufika Unguja. Kabla haijafunga kamba bandarini Malindi, simu zimeshainuliwa. Baba anapiga safu ya majumba meupe ya pwani. Mama anawapanga watoto kwenye reli ya boti. Binti mkubwa anajipiga mwenyewe huku mtandio ukipeperuka.

Siku mbili baadaye familia hiyo inarudi nyumbani na picha mia kadhaa. Kuna mlango wa nakshi na watoto wamesimama mbele yake. Kuna jua likizama Forodhani, vijana wa makachu wakiwa hewani, jahazi na tanga lake, na uchochoro wenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Picha hizo zikiwekwa kando ya zile za jirani aliyekwenda mwaka jana, tofauti ni sura za watoto na rangi za nguo tu.

Haya si ajabu. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa ukipigwa picha tangu karne ya 19, na tangu mwaka 2000 uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kila anayefika ameshauona kwenye kalenda, kwenye kanga za matangazo na kwenye simu za wenzake. Anafika akiwa na picha kichwani, kisha anaitafuta hiyo hiyo. Mzazi anayetaka watoto wake warudi na kitu chao wenyewe hana haja ya kamera ya bei kubwa wala ya kutafuta mtaa usiojulikana. Anaweza kubaki palepale wanapopita wote, akabadili saa ya kufika, mahali pa kusimama, na mtu anayeshika simu.

Picha zote mahali pamoja

Msanii Corinne Vionnet, anayeishi Uswisi, alianza mwaka 2005 kukusanya mtandaoni picha za watalii za majengo mashuhuri duniani. Alichukua mamia ya picha za jengo moja, zilizopigwa na watu wasiojuana, akazilaza moja juu ya nyingine. Jengo lilibaki likionekana katikati kama ndani ya ukungu. Maana yake ni kwamba watu hao wote walisimama karibu mahali pamoja na kuelekeza kamera upande mmoja.

Forodhani kuna mahali pa namna hiyo. Mgeni husimama bustanini, mgongo baharini, uso kwa Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Lilikuwa jumba refu kuliko yote Unguja, lenye nguzo za chuma na veranda ndefu kila ghorofa, na ndilo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Kwa miaka mingi familia zilijipanga hapo, mnara wa saa ukitokea juu ya kichwa cha mrefu kuliko wote.

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati jumba likifanyiwa ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka pamoja na mnara huo, na watu 2 walipoteza maisha. Baada ya hapo wengi walirudi kwenye albamu zao na kukuta wanao uso wa jumba tu, umepigwa kutoka bustanini, na hawana chochote cha ndani. Hawana ngazi, hawana milango mikubwa ya juu, hawana mtoto aliyeshangaa mbele ya mtepe, ile jahazi iliyoshonwa kwa kamba bila misumari, ambayo mfano wake ulijengwa na kuwekwa humo lilipokuwa makumbusho.

Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mvua ikiingia ukutani na boriti ikioza, nyumba huchoka. Baadhi hukarabatiwa, baadhi huanguka, na nyingine hubadilika kidogo kidogo bila mtu kugundua. Kwa hiyo picha anayopiga mtoto wa darasa la nne leo inaweza siku moja kuwa kumbukumbu ya kitu ambacho hakipo tena. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kupiga kilicho mbele yake kwa makini badala ya kurudia kalenda.

Mlango si ukuta wa kujipangia

Kosa la kawaida kwenye mlango wa Zanzibar ni kuufanya pazia. Watoto husimama mbele, hufunika nakshi yote, na kinachoonekana ni misumari michache ya shaba juu ya vichwa vyao. Familia inaweza kuanza kwa kuwaondoa watoto mbele ya mlango na kuwaambia wautazame kwa dakika 5 bila simu.

Mlango una sehemu zake, na kila sehemu ina jina. Miimo ni nguzo za pembeni. Kizingiti kiko chini, na juu kuna kingine ambacho mara nyingi ndicho kilichopambwa zaidi. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, umesimama mfaa, na huo nao huchongwa kutoka juu hadi chini. Kwenye milango mingi ya asili ya Kiomani kizingiti cha juu ni mraba, na huenda kikawa na aya ya Kurani au mwaka wa Hijria. Milango yenye upinde juu ilienea zaidi mwishoni mwa karne ya 19 kwa mvuto wa Kihindi. Ile ya Kigujarati, yenye vibao vingi vidogo vya mraba vinavyokunjika, ilikuwa ya maduka.

Watoto wanaweza kupewa kazi ya kuwinda. Mmoja atafute samaki, mwingine mnyororo, mwingine yungiyungi, mwingine mtende. Wenyeji husimulia kwamba mnyororo ni ulinzi wa nyumba, samaki ni uzazi, mtende ni neema. Misumari mikubwa ya shaba nayo ina simulizi yake: inaelezwa kwamba asili yake ni India, ambako ilizuia tembo wa vita wasisukume malango. Unguja haikuwa na tembo wa kuvunja milango, lakini misumari ilibaki kwa fahari. Mtoto aliyesikia hayo hatapiga mlango mzima. Atasogea mpaka samaki ajae kwenye kioo.

Hapa mwanga unahitaji kuangaliwa. Jua likiupiga mlango moja kwa moja kutoka mbele, nakshi hupoteza kina na huonekana kama imechorwa. Jua likipita pembeni, sambamba na ukuta, kila mchongo hutupa kivuli chake na mbao huonekana imechimbwa. Kwa hiyo mlango uliokataa asubuhi unaweza kukubali saa kumi. Njia rahisi ni kuupita mara mbili kwa siku moja. Mchoraji wa Kifaransa Claude Monet alifanya hivyo kwa ukubwa zaidi: kati ya 1892 na 1894 alichora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30, akibadilisha saa na hali ya hewa, na hakuna mchoro uliofanana na mwingine.

Jambo jingine ni kimo. Mtu mzima hupiga kutoka usawa wa macho yake. Mtoto wa miaka sita anaona kizingiti kilicholika kwa nyayo, viatu vilivyoachwa nje, paka aliyelala kwenye baraza, na rangi iliyobanduka chini ambako maji ya mvua hurukia. Mzazi akichuchumaa kando ya mwanawe atakuta nusu ya mlango ambayo hajawahi kuiona. Na ikumbukwe kwamba nyuma ya mlango kuna watu wanaishi. Ukiwa wazi, kamera haipitishwi ndani bila hodi na bila kukaribishwa.

Forodhani: kugeuka nyuma

Mwaka 2006 msanii wa Marekani Penelope Umbrico alitafuta neno "machweo" kwa Kiingereza kwenye mtandao wa picha wa Flickr. Alipata picha 541,795. Alikata majua kutoka baadhi ya picha hizo, akayachapisha na kuyapanga ukutani, mamia kwa mamia, yote ya duara na yote ya rangi ya chungwa. Hakuna awezaye kusema lipi ni la nani.

Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa, ndiyo maana jua huzama baharini mbele ya Forodhani na umati hukusanyika kila jioni. Hakuna ubaya kulipiga. Lakini wakati wote wameelekeza simu magharibi, mwanga uleule wa dhahabu unatua nyuma yao: kwenye kuta za Ngome Kongwe, kwenye kofia za wazee waliokaa ukutani, kwenye uso wa mtoto anayekula muhogo. Mzazi anayegeuka nyuma kwa dakika 10 atapata picha ambazo nyumbani watazigombea.

Karibu na ikweta jua halikawii. Likishazama, mwanga wa mbingu hudumu dakika 20 hivi, kisha giza. Katika dakika hizo mbingu huwa ya buluu nzito, na taa za wauza chakula zinakuwa zimeshawashwa. Moshi wa mishikaki unapita kwenye taa, mashine ya miwa inazunguka, mtengeneza "pizza ya Zanzibar" anakunja chapati juu ya bamba la moto. Mikono ndiyo ya kutazama hapo. Picha ya mikono inayokunja, inayokamua na inayomimina urojo huonyesha Forodhani vizuri kuliko meza nzima iliyojaa vyakula. Simu ikiegemezwa kwenye meza au ukuta haitatikisika, na picha haitakuwa na ukungu. Mmulikomweko ni bora uzimwe, kwa kuwa unaua rangi ya taa na kumkera muuzaji.

Makachu ni hadithi ya namna hiyo hiyo. Kila mtu anamtaka kijana akiwa hewani, miguu juu, bahari chini. Picha hiyo ipo kwa maelfu. Pasipopigwa sana ni kabla na baada: foleni ya wanaosubiri zamu, anayerudi nyuma hatua kumi kupima mbio zake, nyayo za maji kwenye sakafu ya ukuta, macho ya watoto wanaotazama. Vijana hao wanafanya onyesho, na ni haki yao kutarajia kitu kidogo. Ni vyema mzazi azungumze nao mapema kabla ya kupiga. Watoto wa familia waelezwe mapema pia kwamba vijana wale wanayajua maji yao, na kwamba tofauti ya maji kupwa na kujaa Unguja huweza kupita mita 3. Palipo na kina alasiri huenda hapana kina asubuhi.

Jahazi lisilo na tanga

Kupwa na kujaa huko kunaleta picha nyingine. Karibu kila picha ya chombo cha Unguja inaonyesha tanga limejaa upepo, jua nyuma yake. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, vyombo hulala ubavu kwenye mchanga. Hapo mtoto anaona mkuku, mbao zilizopindwa kwa ustadi, pamba iliyokalafatiwa katikati ya mbao ili maji yasiingie, na viraka vya miaka mingi. Anaweza kusimama kando ya chombo na kujua ukubwa wake.

Pia atajifunza kutofautisha. Wageni huviita vyote jina moja, lakini Mswahili ana majina yake. Ngalawa ni gogo lililochongwa, lenye mbao pande zote mbili za kuishikilia isipinduke. Mashua na jahazi hutengenezwa kwa mbao, na jahazi ndilo kubwa. Familia inayopiga picha moja ya kila aina na kuandika jina lake imekwishatengeneza kitu cha kuonyesha darasani.

Uchochoro saa sita mchana

Ushauri wa kawaida wa wapiga picha ni kuepuka mchana: jua kali, vivuli vyeusi chini ya macho, mbingu nyeupe. Pwani ushauri huo ni sahihi. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe mambo ni tofauti. Vichochoro ni vyembamba na kuta ni ndefu, hivyo asubuhi na jioni chini kunabaki giza. Mchana jua likiwa utosini ndipo mwanga unateremka hadi sakafuni, na kuta za chokaa zinaurudisha upande wa pili kwa upole. Mtu aliyesimama kwenye kivuli karibu na ukuta unaong'aa hupata mwanga laini usoni bila taa yoyote.

Mzazi anaweza kuchagua mahali pamoja, kwa mfano kona yenye mstari wa jua unaokata njia, akakaa na watoto kwenye baraza la jiwe kwa robo saa. Badala ya kukimbiza picha, waisubiri ije. Atapita mbeba maji, atapita mwanafunzi wa madrasa, itapita baiskeli yenye mikate. Watoto watachoka baada ya dakika 3. Wakivumilia hadi ya 10 wataanza kukisia nani atakanyaga mstari wa jua, na hapo ndipo mchezo unapoanza.

Baraza zenyewe zina kazi. Ni viti vya mtaa, ni mahali pa habari, pa kahawa na pa bao. Jaws Corner, njia panda inayojulikana kwa wazee wa kahawa na ubishi wa siasa na mpira, hupigwa picha kila siku na watu wanaopita bila hata kusalimu. Familia ikifika ianze na salamu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Inunuliwe kahawa, watoto wapewe kashata. Baada ya hapo ombi ni fupi: "Samahani mzee, kijana wangu anaomba kukupiga picha, unaridhia?" Akikubali, picha itakuwa ya mtu aliyemtazama mtoto machoni. Akikataa, jibu ni "Ahsante mzee, hapana neno", na kahawa inaendelea. Mtoto atakuwa amejifunza kwamba uso wa mtu si mali ya mwenye simu.

Mahali pa kushusha simu

Huko Mkunazini kuna Kanisa Kuu la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Nje yake kuna kazi ya msanii Clara Sörnäs: sanamu za watu watano wakiwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Ni miongoni mwa vitu vinavyopigwa picha zaidi mjini, na mara nyingi mbele yake kuna mtu anayetabasamu.

Hapa familia haina haja ya kutafuta pembe mpya. Inahitaji kusoma maelezo kwanza, kumweleza mtoto kwa kiasi cha umri wake, na kukaa kimya kidogo. Kisha mzazi aulize: "Tukipiga picha moja tu hapa, ionyeshe nini?" Mtoto mmoja anaweza kusema mnyororo. Mwingine anaweza kusema nyuso. Mwingine akasema tusipige. Yote ni majibu mazuri kuliko familia nzima kujipanga juu ya shimo. Picha ikipigwa, ipigwe bila mtu wa familia mbele yake.

Simu mkononi mwa mtoto, picha 12

Zamani mkanda wa filamu ulikuwa na picha 24 au 36, na kila moja ililipiwa kusafishwa. Unguja inakumbuka zama hizo vizuri. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, baada ya kujifunza kazi kwa A. C. Gomes, mmoja wa wapiga picha wa mwanzo wa kisiwa. Studio hiyo, iliyorithiwa na mwanawe, ilipiga harusi, familia, wafalme na watu wa kawaida, na picha zake nyeusi na nyeupe ni sehemu ya kumbukumbu ya Zanzibar. Aliyeingia studio alivaa vizuri, alikaa, akatulia. Picha ilikuwa moja au mbili, nayo ikatundikwa ukutani miaka 50.

Mzazi anaweza kurudisha kidogo ya nidhamu hiyo. Kila mtoto apewe simu kwa zamu ya saa moja, na sharti la picha 12 tu, hakuna kufuta. Mwanzoni atamaliza sita kwa dakika tano kwa kupiga paka. Kesho yake ataanza kufikiri kabla ya kubonyeza. Usiku kila mmoja achague 3 na aeleze kwa nini. Wazazi nao wacheze kwa sharti hilo hilo, bila upendeleo.

Kazi ndogo husaidia zaidi ya uhuru mtupu. Siku moja iwe ya rangi moja, tuseme buluu pekee: madirisha, boti, sare, ndoo. Siku nyingine iwe ya vivuli tu. Nyingine iwe ya vitu vilivyotengenezwa upya: kiti kilichofungwa kamba, ukuta wenye kiraka, kiatu kilichoshonwa. Au watoto wapewe sauti: piga picha ya adhana, piga picha ya kengele ya baiskeli, piga picha ya kahawa inayomiminwa. Sauti haipigwi picha, na ndiyo sababu mtoto atalazimika kutafuta kitu cha kuibeba.

Upande wa simu yenyewe, mambo matatu yanatosha. Kioo cha kamera kipanguswe kwa nguo safi, kwa kuwa chumvi ya pwani na mafuta ya vidole huleta ukungu. Kusogea kwa miguu ni bora kuliko kukuza kwa vidole, kwa sababu kukuza huko hupunguza ubora. Na kidole kikigusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo, picha hupunguza weupe na nakshi huonekana.

Picha moja ya kila mwaka

Kuna njia moja ambayo hupata upya kwa kurudia kile kile makusudi. Mwaka 1975 mpiga picha wa Marekani Nicholas Nixon aliwapiga mkewe Bebe na dada zake 3 wakiwa wamesimama pamoja. Mwaka uliofuata aliwapiga tena, wakasimama kwa mpangilio uleule. Aliendelea kila mwaka hadi 2022. Hakuna pambo, hakuna mandhari ya ajabu. Ukizipitia mfululizo unaona wasichana wakiwa wanawake, na wanawake wakiwa wazee.

Familia yenye ndugu Unguja, au inayokwenda kila Idi au kila likizo, inaweza kuchagua baraza moja na kukaa hapo kila safari: mpangilio uleule, upande uleule. Mwaka wa kwanza itakuwa picha ya kawaida kabisa, pengine ya kuchosha. Mwaka wa tano mdogo atakuwa amempita dada yake kimo, rangi ya ukuta itakuwa imebadilika, na bibi aliyekaa pembeni huenda hayupo. Wasio na uwezo wa kusafiri wanaweza kufanya hivyo nyumbani kwao, mbele ya mlango wao wenyewe, hata kama ni wa bati.

Kabla ya kuzituma

Zipo sheria za mahali. Majengo ya Ikulu, kambi za ulinzi na vituo vya polisi havipigwi picha. Msikitini mtu huomba ruhusa kwanza. Mavazi ya heshima hufungua milango ambayo simu haiwezi kufungua. Watoto wa watu wengine hawapigwi bila mzazi au mlezi wao kukubali, kama vile mzazi yeyote asivyotaka mgeni ampige mwanawe akitoka shule. Na picha za watoto wa familia yenyewe ni salama zaidi zikitumwa baada ya safari, bila jina la nyumba ya wageni walikolala.

Mwisho kuna kazi ambayo wengi huiacha. Picha 300 zilizobaki kwenye simu hupotea simu ikiibiwa au ikifa. Jioni ya kurudi, familia ichague 20, izihifadhi mahali pa pili, na 5 kati ya hizo zichapishwe. Nyuma ya kila moja mtoto aandike kwa kalamu: nani yumo, mtaa gani, saa ngapi, mwaka gani, na nani aliyepiga. Kwa ile ya mlango aongeze alichokiona: samaki wawili, mnyororo, na paka mweupe kwenye baraza.